Flaksi ndani ya unga wa stenlesi: itasaidia ushikane?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Nashindilia unga wa stenlesi 316L, chembe za chini ya maikromita 45, kwa presi ndogo, nikitia nta kidogo iwe gundi. Vipande navifukia kwenye unga wa makaa ndani ya sanduku la chuma, kisha navipasha kwenye tanuri la umeme hadi nyuzi 1,100 kwa saa moja. Vinatoka vyeusi, pembeni vina ukijani, na nikivifinya kwa kidole kingo zinapukutika. Nikiunga stenlesi kwa fimbo ya fedha, flaksi inasafisha uso na fimbo inatiririka vizuri. Kwa nini nisichanganye flaksi hiyo, au hata boraksi, ndani ya unga wenyewe? Niweke kiasi gani?"

Jibu la haraka: usiweke, si flaksi ya fedha wala boraksi. Lakini usiondoke bado, maana swali lako lina akili ndani yake. Umekisia sawasawa kwamba adui ni oksidi, na bila kujua umegusa boroni, elementi ambayo wataalamu wa metali za unga huitumia kweli kuharakisha kusinta, yaani kuushikanisha unga kwa joto. Ulipoteleza ni kwenye umbo la hiyo boroni, na kwenye jambo moja ambalo fundi halitilii maanani kwa kuwa analiona kila siku: flaksi ya kuungia huwa na pa kutokea.

Tuanze na oksidi. Kila chembe ya 316L imevaa utando wenye unene wa nanomita chache, na utando huo ndio unaoifanya stenlesi isishike kutu. Kusinta ni kuupasha unga, bila kuuyeyusha, hadi atomu zihame na kujenga shingo pale chembe mbili zinapogusana. Utando ukiwa mzima, atomu za chuma hazipiti kirahisi, shingo haikui, na kipande kinabaki mchanga uliobanwa. Unga uliopulizwa kwa maji, yaani uliotokana na metali ya kioevu kutawanywa kwa maji ya kasi, una hali mbaya zaidi: juu yake kuna oksidi ya silikoni na ya manganizi pia, na oksijeni yake mara nyingi hufika asilimia 0.2 hadi 0.3 ya uzito. Uliopulizwa kwa gesi huwa na oksijeni pungufu kuliko hiyo. Hukusema wako ni upi. Utazame kwa hadubini: wa gesi ni vigololi, wa maji unafanana na kokoto zilizopasuliwa. Kwa kuwa wako unashikana baada ya presi, nahisi ni wa maji, kwani vigololi vikishindiliwa vikiwa vibichi havina pa kung'ang'aniana.

Sasa ikumbuke flaksi unapounga kwa fedha. Inayeyuka kwanza, inalowesha uso, inaimeza oksidi. Halafu fimbo inayeyuka, inavutwa ndani ya mwanya, na inapoingia inaisukuma flaksi nje na kukaa mahali pake. Ndiyo maana unakuta kigae cha flaksi kimeganda pembeni mwa kiungo, unakiosha kwa maji ya moto, kazi imekwisha. Anayeifukuza flaksi ni metali ya kioevu. Kwenye unga wako, kwa nyuzi 1,100, hakuna metali iliyoyeyuka hata tone. Flaksi itaimeza oksidi kisha itakaa palepale kati ya chembe na chembe. Utakuwa umebomoa ukuta wa nanomita chache na kujenga mwingine wa kioo, mnene kuliko ule kwa mbali.

Piga hesabu uone. Tuseme umeshindilia hadi gramu 6.4 za stenlesi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Stenlesi isiyo na tundu ni karibu gramu 7.9, kwa hiyo matundu yako ni takriban asilimia 19. Ukitia boraksi asilimia 2 tu ya uzito, hiyo ni gramu 0.128. Kioo cha boraksi ni chepesi, karibu gramu 2.4 kwa sentimita ya ujazo, hivyo kitachukua zaidi ya asilimia 5 ya ujazo wa kipande, yaani zaidi ya robo ya matundu yote. Asilimia 2 inasikika kidogo kwenye mizani. Ndani ya kipande ni nyingi mno. Na kusinta ni kazi ya kuyafunga matundu hayo hayo uliyokwisha kuyajaza kioo.

Kuna na suala la muda. Flaksi za fedha zenye floridi hufanya kazi takriban kati ya nyuzi 560 na 870, na zimetengenezwa kwa dakika chache za moto. Kuzipeleka nyuzi 1,100 kwa saa nzima ni kuzichosha, na njiani zinatoa mvuke wa floridi ambao ukikutana na unyevu huzaa asidi ya hidrofloriki. Hilo silitamani kwenye mapafu yako wala kwenye nyaya za tanuri. Boraksi inastahimili joto zaidi, lakini boroni yake imekwisha kushiba oksijeni, na oksidi ya boroni ni imara kuliko ya kromi. Kromi haina nguvu ya kumnyang'anya. Kwa hiyo boroni haitaingia kwenye chuma kukusaidia, itabaki kioo.

Nasema hivi kwa kuwa miaka ya mwanzo nilijaribu mwenyewe, kwa ubishi uleule. Nilitia boraksi iliyokaushwa kwenye unga wa stenlesi ya 304L, nikapata vidonge vigumu, vinavyong'aa kidogo, hata vikalia kama kigae nilipovigonga. Nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu juu yake palikuwa na ukungu mweupe wa chumvi, kwa sababu kioo cha boraksi hunyonya unyevu na kuyeyuka. Nilipovichemsha maji yakawa na rangi ya manjano, na vidonge vikaanza kumeguka: kilichokuwa kimeshika chembe zangu ni kioo, chuma hakikuwa kimeungana hata kidogo. Ile manjano ndiyo iliyonitisha zaidi. Sodiamu ya boraksi, kromi, na oksijeni iliyopenya ndani ya tanuri hutengeneza kromati, ambayo ni kromi ya valensi sita, na hiyo husababisha saratani. Ukiona manjano kwenye maji yako ya kuoshea, simama, vaa glavu, na usiyamwage ovyo.

Turudi kwenye sanduku lako, kwa sababu kosa kubwa liko huko. Makaa ni rafiki wa chuma cha kawaida. Kwa kromi ni rafiki wa uongo. Kwa nyuzi 1,100 monoksidi ya kaboni iliyomo sandukuni inaweza kuipa kromi oksijeni na kaboni kwa pamoja, na hewa iliyobaki inaleta nitrojeni juu yake. Ule ukijani ni oksidi ya kromi yenyewe. Kaboni nayo inafanya kazi kimyakimya. 316L inaruhusiwa asilimia 0.03 tu ya kaboni, na sababu ni ya kihesabu: kwenye kabidi ya kawaida ya kromi, atomu 23 za kromi hufungwa na 6 za kaboni, maana yake gramu 1 ya kaboni inaweza kufunga gramu 16 na ushei za kromi. Aloi yako ina kromi asilimia 16 hadi 18. Kipande kikinywa asilimia moja ya kaboni kutoka kwenye makaa, kromi iliyobaki huru haitoshi kuiita stenlesi tena. Hata kama kingeshikana vizuri, kingeshika kutu.

Kinachouondoa utando kwenye unga ni hidrojeni kavu pamoja na joto la kutosha, au ombwe zuri pamoja na joto hilo. Mwaka 1944 mwanakemia Harold Ellingham alichora mchoro unaoonyesha jinsi oksidi mbalimbali zinavyozidiana uimara kadiri joto linavyopanda, na hadi leo hakuna karatasi inayofaa zaidi kubandikwa ukutani pa mtu anayesinta. Somo lake kwa stenlesi ni kwamba ukavu wa gesi na joto vinabadilishana. Ukiwa karibu na nyuzi 1,120 unahitaji hidrojeni kavu sana, yenye kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa gesi huanza kuganda) cha nyuzi 40 chini ya sifuri au chini zaidi. Ukipanda kuelekea 1,300, hidrojeni ambayo si kavu kiasi hicho nayo itafanya kazi. Usipime gesi kwenye mtungi pekee. Ipime inapotoka tanurini, maana kuta, trei na vipande vyenyewe hutoa maji. Nimeona gesi safi kabisa ikiharibiwa na tofali moja lililolala na unyevu.

Hidrojeni huwaka ikichanganyika na hewa kuanzia asilimia 4 hadi 75, kwa hiyo tanuri lisilotengenezwa kwa ajili yake usilijaribishe. Kama lako halina uwezo huo, tafuta la ombwe, na ukishapita nyuzi 1,100 ruhusu gesi ya agoni kidogo ndani ili kromi isipukutike kama mvuke. Njia ya mtu maskini, ambayo imewahi kunitoa aibuni, ni sanduku lililozibwa vizuri, linalopitishiwa agoni, lenye sifongo ya titani pembeni mwa vipande. Titani inaipenda oksijeni kuliko kromi, basi inaiwahi. Haitoi matokeo ya hidrojeni, ila inashinda makaa kwa mbali. Vipande viweke juu ya alumina, visiguse grafaiti.

Hata gesi ikiwa safi, nyuzi 1,100 ni joto la kuungia chembe kwa ncha tu. Vipande vya 316L vilivyoshindiliwa husintwa vizuri zaidi kati ya 1,250 na 1,320, na vile vya kudungwa kwenye kalibu, vyenye unga laini wa chini ya maikromita 20 hivi, hupelekwa hadi 1,350 au 1,380, ambapo husinyaa asilimia 15 hadi 20 kwa urefu. Sababu ya ugumu huu ni muundo wa austenaiti: atomu zake zimepangwa kwa kubanana, na kuhama ndani yake ni polepole karibu mara mia kuliko ndani ya feraiti, muundo mwingine wa chuma ambao atomu zake hazikubanana hivyo. Ndiyo maana stenlesi ya 17-4PH, inayopata feraiti kiasi kwenye joto kali, hufunga matundu mapema kuliko 316L. Kama kazi yako haidai 316L hasa, kubadilisha aloi kunaweza kukupa zaidi ya kiongezi chochote.

Na ukubwa wa chembe. Mwanafizikia Conyers Herring alionyesha mwaka 1950 kwamba muda wa kusinta hupanda kwa kipeo cha tatu au cha nne cha ukubwa wa chembe, kutegemea njia ambayo atomu zinapita. Ukishuka kutoka maikromita 45 hadi 15, kazi ileile inahitaji muda mfupi mara 27 hadi 81. Hakuna flaksi duniani inayokupa hivyo. Bei yake ni kwamba unga laini una uso mwingi, kwa hiyo na oksijeni nyingi, na haumiminiki vizuri kwenye kalibu.

Sasa boroni, ile nusu ya wazo lako iliyo sahihi. Ikiingia ikiwa haijafungwa na oksijeni, kama feroboroni (aloi ya chuma na boroni), boridi ya nikeli au boridi ya kromi, hufanya mambo mawili. Kwanza inainyang'anya oksidi ya juu ya chembe oksijeni yake. Pili inashusha joto la kuyeyuka: chuma na boroni peke yao hutengeneza yutektiki, yaani mchanganyiko unaoyeyuka kwa joto la chini kuliko kila kimoja peke yake, karibu na nyuzi 1,175, na ndani ya 316L kioevu huonekana takriban kati ya 1,200 na 1,250. Kioevu hicho kinalowesha chembe, kinazivuta pamoja, na kwa kuwa boroni karibu haiyeyuki ndani ya austenaiti, hakipotei. Kinaendelea kuwa njia ya atomu mpaka unapopoza. Hapo ndipo unapopata kile ambacho fimbo ya fedha inakupa kwenye kiungo: metali ya kioevu inayosukuma uchafu na kukaa mahali pake.

Kipimo ni kidogo mno kwa mtu aliyezoea kunyunyiza flaksi kwa kijiko. Boroni asilimia 0.2 hadi 0.4 ya uzito wote inatosha. Kwa feroboroni yenye boroni asilimia 18, asilimia 0.3 ni takriban gramu 1.7 kwa kila gramu 100 za mchanganyiko. Isage iwe laini kuliko unga wako na ichanganye kwa muda mrefu, la sivyo kila chembe kubwa ya feroboroni itayeyuka na kuacha shimo mahali ilipokuwa.

Kwa mtu wa kuunga kama wewe ipo njia nyingine ninayoipenda zaidi: unga wa aloi ya nikeli ya kuungia, BNi-2, yenye kromi asilimia 7 hivi, silikoni 4.5, boroni 3.1, chuma 3 na nikeli iliyobaki. Huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 970 na kumalizika kama 1,000. Aloi za jamii hii hujisafisha zenyewe, kwa kuwa boroni na silikoni zake hula oksidi. Ndiyo flaksi uliyokuwa ukiitafuta, ila imefichwa ndani ya metali. Ukitaka boroni 0.3 utahitaji kama asilimia 10 ya unga huo, na kwa kuwa sehemu kubwa yake ni nikeli, 316L haiichukii. Pandisha joto taratibu kuanzia 950, kioevu kipate nafasi ya kusambaa.

Boroni ina deni lake, nalo utalilipa. Kioevu kikiganda kinaacha boridi kwenye mipaka ya punje, mara nyingi kama wavu unaozunguka kila punje. Wavu huo ni mgumu na unavunjika kama kigae, na umebeba kromi iliyotolewa jirani. Kipande kitakuwa kizito, chenye matundu machache, kigumu kwenye kipimo cha ugumu, na hakitapenda kugongwa wala kupindwa. Kwa kichujio, bushi au kitu kinachobeba mgandamizo, sawa. Kwa kitu kinachopigwapigwa, afadhali ubaki na matundu kidogo bila boroni. Nitrojeni nayo iweke mbali: huiteka boroni na kuigeuza nitridi, na kioevu chako hakizaliwi. Amonia iliyovunjwa, ambayo watu wengi huitumia kwa sababu ya bei, ina robo nzima ya nitrojeni, basi hapa haifai. Hata bila boroni, nitrojeni hiyo huingia kwenye stenlesi na ukipoza polepole huifunga kromi kama nitridi.

Viongezi vingine nitavitaja kwa kupita. Shaba huyeyuka 1,085 na husaidia kiasi. Fosforasi hutoa kioevu mapema, karibu na 1,050 ikiwa na chuma, lakini inaifanya stenlesi iwe dhaifu kwa kugongwa, siiweki. Bati kiasi cha asilimia moja limetumika kwenye unga uliopulizwa kwa maji kwa ajili ya kupunguza kutu, na si kwa nguvu. Kuna pia wanaoweka kloridi ya amonia ili gesi ya asidi iibebe oksidi. Kikemia inafanya kazi. Pia inakula tanuri, mabomba, na koo la mwenye tanuri, na kloridi inayobaki kwenye matundu ni mwaliko wa kutu. Lithi stiareti ni jambo tofauti: hiyo ni mafuta ya presi, na kwa stenlesi naipendelea kuliko zinki stiareti.

Ningekuwa mahali pako ningeanza bila kiongezi chochote. Tengeneza vidonge sita vya ukubwa mmoja, vitatu bila kiongezi na vitatu vyenye boroni, vipime uzito na kipenyo. Nta itoe kwanza taratibu, ukiongeza joto kidogokidogo hadi 500 hivi huku gesi ikipita, maana nta inayobaki hugeuka kaboni, na sasa unajua kaboni inafanya nini kwa kromi. Vile vitatu visivyo na kiongezi vipashe hadi 1,280 kwa saa moja kwenye hidrojeni kavu au ombwe, kisha vipoze haraka kuanzia nyuzi 900 hadi chini ya 500. Rangi itakupa habari kabla ya mizani: kijivu cha fedha kilichopoa ni heri, kijani au nyeusi ni gesi mbovu, na hapo hakuna haja ya kuendelea na boroni. Pima kipenyo uone kimesinyaa kiasi gani, kisha kizamishe kimoja kwenye maji ya chumvi asilimia 5 kwa siku chache. Madoa ya kutu yakitoka mapema, tafuta kaboni au nitrojeni.

Vitatu vilivyobaki ndivyo vya boroni, kwa asilimia 0.1, 0.2 na 0.3, vyote vikipashwa hadi nyuzi 1,240. Visimamishe wima kwenye trei ya alumina na uangalie ukingo wa chini. Kikianza kuvimba miguuni kama mshumaa, kioevu kimezidi, na kipimo chako ni kile cha kabla yake.